Samaki wa maji baridi na metali nzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wavuvi, wachuuzi wa mialoni, wafugaji wa sato, wanafunzi, na akina mama wanaowapikia watoto samaki karibu kila siku. Mifano mingi inatoka Kanda ya Ziwa na nchi jirani, kwa sababu huko migodi na nyavu vinategemea maji yaleyale.

Kama maji yana sumu, mbona samaki bado wapo?

Samaki wa maji baridi wana njia kadhaa za kuzuia metali isiwaingie, kuifunga ikishaingia, na kuitoa polepole. Njia hizo huwawezesha kuishi, kula na hata kuzaana katika maji ambayo wewe usingeyanywa. Lakini metali iliyofungwa bado imo mwilini. Mvuvi anayesema "samaki wapo, basi maji ni mazuri" hajapima maji, amepima ustahimilivu wa samaki.

Tazama Ziwa George, magharibi mwa Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulichimbwa kuanzia 1956 hadi 1982. Mabaki yake yenye shaba, kobalti na salfa yalirundikwa upande wa Kasese, na kwa miongo mingi mvua na Mto Nyamwamba vimekuwa vikiyasomba kuelekea ziwani. Sato na furu wamo ziwani humo na watu wanawavua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwapima samaki hao kiungo kwa kiungo, na shaba ilikuwa imejikusanya kwenye ini kuliko kwenye mnofu. Kwa nje ungeona samaki wa kawaida tu.

Metali zipi hasa zinahusika?

Zinazotajwa zaidi ni zebaki, risasi, kadimiamu, shaba, zinki na kobalti, na aseniki huwekwa kundi moja nazo ingawa si metali kamili. Shaba na zinki samaki anazihitaji kwa kiasi kidogo, kwa hiyo mwili wake unajua kuzisimamia. Zebaki, risasi na kadimiamu hazina kazi inayojulikana mwilini mwake.

Zinamwingiaje?

Kwa matamvua na kwa chakula.

Tuanze na matamvua. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo usiku na mchana chumvi inamtoka na maji yanamwingia. Ili asife, matamvua yake hunyonya sodiamu na kalsiamu kutoka majini bila kupumzika. Metali hupenya palepale. Shaba na fedha hupitia njia ya sodiamu. Kadimiamu, zinki na risasi hupitia njia ya kalsiamu, kwa kuwa chembe zake zinafanana na kalsiamu kiasi cha kulidanganya tamvua.

Shaba ikizidi ghafla, hulemaza kimeng'enya kinachosukuma sodiamu kuingia kwenye damu. Chumvi ya damu hushuka, damu huwa nzito, na mwishowe moyo hushindwa. Wengi hudhani samaki kama huyo "amekula sumu", kumbe amekufa kwa kuishiwa chumvi.

Ukimpata samaki aliyekufa hivyo karibuni, inua kifuniko cha shavu uangalie. Tamvua zima ni jekundu na nyuzi zake zimeachana mojamoja. La huyu limefunikwa ute mzito, nyuzi zimegandamana, na wekundu umefifia. Ute huo ulikuwa kinga yake: hunasa chembe za metali na kuzipeleka nje. Ukizidi, huzuia pia oksijeni, na samaki huonekana akitweta juu ya maji ambayo hewa imo ya kutosha.

Njia ya chakula hufanya kazi polepole. Kadimiamu na risasi hupita huko pia, na kwa zebaki ndiyo njia kuu.

Metali ikishaingia, mwili wa samaki hufanya nini nayo?

Huifunga. Kifungo muhimu zaidi ni protini ndogo iitwayo metalothionini, iliyogunduliwa mwaka 1957 na Margoshes na Vallee kwenye figo ya farasi, na baadaye ikaonekana kwamba samaki nao wanayo. Ina asidi amino takriban 60 tu, na theluthi moja ni sisteini, ile yenye salfa. Salfa ndiyo inayoshika: kadimiamu, shaba, zinki na ioni za zebaki hunasa hapo, zikashindwa kuzurura ndani ya seli na kuharibu vimeng'enya vingine.

Kazi ya kila siku ya protini hii ni kusimamia zinki na shaba ambazo mwili unazihitaji. Metali ngeni zikiingia huiondoa zinki kwenye nafasi zake. Zinki iliyoachwa huru huamsha jeni inayotengeneza metalothionini zaidi, na ndani ya siku chache ini, figo na matamvua huwa na akiba kubwa kuliko mwanzo. Ndiyo maana watafiti hupima protini hii ili kujua kama samaki wa mto fulani wanakutana na metali, hata kabla hawajaonyesha dalili.

Kuna wasaidizi wengine. Glutathioni hushika baadhi ya metali na kupunguza madhara ya oksijeni kali ambayo metali huizalisha ndani ya seli. Ini hutoa shaba ya ziada kupitia nyongo. Kiasi kingine hufungiwa kwenye vifuko ndani ya seli na kukaa humo.

Yote haya yanagharimu. Nguvu iliyotumika kutengeneza protini na kukarabati matamvua haitumiki kukua wala kutengeneza mayai. Tena kuna kikomo: metali ikiingia kwa kasi kuliko protini inavyotengenezwa, inayobaki huru huanza kuharibu.

Samaki wanaweza kuzoea kabisa?

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kuzoea kwa samaki mmoja. Akiwekwa kwenye maji yenye metali kidogo isiyomuua, siku za mwanzo hudhoofika, kisha matamvua hujikarabati, na baada ya wiki moja au mbili huweza kuhimili kiwango ambacho hapo awali kingemuua. Ongezeko lenyewe si kubwa, mara nyingi ni mara mbili au tatu tu. Ukimrudisha kwenye maji safi, uwezo huo humtoka.

La pili ni la kurithi. Vizazi hadi vizazi, wasioweza hufa na wanaoweza huzaa. Mfano maarufu ni trauti wa kahawia wa Mto Hayle, Cornwall, nchini Uingereza. Eneo hilo lilichimbwa bati na shaba kwa karne nyingi, na mto una shaba na zinki kwa viwango vinavyoua trauti wa kwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walionyesha kwamba trauti wa Hayle wamekusanya metali nyingi mwilini, na jeni zao za kufunga na kusafirisha metali, ikiwemo ya metalothionini, zinafanya kazi kwa nguvu kuliko za trauti wa mto safi. Kijenetiki pia wamejitenga na jirani zao.

Msomaji asichukue habari hiyo kuwa ni ya kufariji. Karne nyingi ni muda mrefu, na hatuna orodha ya samaki walioshindwa njiani.

Wanaostahimili wanaishi vizuri kama wengine?

Mara nyingi hapana. Karibu na Rouyn-Noranda, Kanada, ambako kiyeyushio cha shaba kilianza kazi mwaka 1927, maziwa yana kadimiamu, shaba na zinki, na samaki wa jenasi ya Perca bado wapo kwa wingi. Lakini wengi hubaki wadogo, hupevuka mapema na hawazeeki, na mwili wao hushindwa kutoa homoni za kukabili mshtuko ipasavyo. Ziwa lina samaki, na mvuvi anaondoka na vidogo tu.

Kuna madhara yasiyoonekana hata kwa mizani. Shaba ya mikrogramu 2 hadi 20 tu kwa lita, kwa saa chache, imeonyeshwa kuwapunguzia salmoni wachanga uwezo wa kunusa harufu inayotoka kwenye ngozi ya mwenzao aliyejeruhiwa. Samaki asiyeisikia harufu hiyo haondoki adui anapokuja. Hajafa kwa shaba, ameliwa, na hakuna atakayemhesabu kama mhanga wa uchafuzi. Risasi nayo, ikidumu, huwapinda trauti uti wa mgongo na kuwafanya weusi mkiani.

Na wanaoathirika kwanza ni wachanga. Sato aliyekomaa anaweza kupita salama mahali ambapo vifaranga vya siku chache vinakwisha. Kwa hiyo ukiona wakubwa tu na wadogo hawaonekani, shtuka.

Kwa nini kiasi kilekile cha metali huua mto mmoja na kuuacha mwingine?

Kwa sababu ya maji yenyewe, na hili husahaulika sana kwenye taarifa za habari.

Maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, humlinda samaki. Kalsiamu na kadimiamu zinagombea mlango uleule wa tamvua kama abiria wanaogombea daladala ya mwisho: kalsiamu ikiwa nyingi, kadimiamu inaachwa kituoni. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana alkali zaidi kuliko ya Ziwa Viktoria, ambayo ni laini. Kwa kiasi kilekile cha shaba, samaki wa Viktoria yumo kwenye hatari kubwa zaidi.

Maji ya vinamasi, yale ya rangi ya chai yenye masalia ya mimea iliyooza, nayo husaidia, kwani masalia hayo hushika metali kabla haijafika kwenye tamvua. Mafunjo tunayoyafyeka kando ya ziwa yanafanya kazi hiyo bila malipo.

Asidi hufanya kinyume. Huyeyusha metali iliyokuwa imetulia kwenye tope na kuiacha huru. Februari 18, 2025, bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba karibu na Kitwe, Zambia, lilipasuka na kumwaga mamilioni ya lita za maji yenye asidi kali kwenye kijito kinachoingia Mto Kafue. Samaki walikufa hadi mbali sana chini ya mto, na serikali ikamwaga chokaa majini kwa ndege na boti ili kupunguza asidi. Hakuna metalothionini ya kuokoa samaki hapo: kinga hizi zinahitaji siku kadhaa kujiandaa, na Kafue haikuwapa hata saa.

Zebaki ina tofauti gani na metali nyingine?

Tofauti kubwa, na kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma hili.

Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, kama yale ya Rwamagasa mkoani Geita, mchanga uliosagwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, huoshwa, kisha zebaki huchanganywa ndani ya beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki huikamata dhahabu, bonge hukamuliwa kwa kitambaa, halafu huchomwa kwenye mkaa. Zebaki hupaa kama mvuke usio na rangi, mchomaji huuvuta, na kiasi kingine hurudi ardhini na mvua. Iliyobaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, husombwa hadi mabondeni na mitoni. Zebaki huingia ziwani pia kwa moto wa misitu na udongo unaomomonyoka, kwa hiyo si haki kuwatupia wachimbaji mzigo wote.

Ikifika kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria huibadilisha kuwa methili-zebaki. Hapo mchezo hubadilika. Metalothionini haiikamati vyema. Ikishikamana na sisteini inafanana na asidi amino ambayo mwili unaihitaji, kwa hiyo inasafirishwa hadi kwenye ubongo na misuli bila kuzuiwa. Samaki huitoa taratibu mno. Mdudu anakula mwani, furu anakula mdudu, sangara anakula furu, na kila hatua kiwango kinapanda.

Shaba nyingi humuua samaki, au hubaki kwenye ini lake, kabla haijafika mezani kwako kwa kiwango cha kukudhuru. Methili-zebaki inakaa kwenye mnofu, sehemu ileile unayoila, na kwa viwango vya kawaida haimuui samaki. Inaweza kumvuruga uzazi na tabia, lakini anaogelea, ananenepa, anavutia sokoni.

Kati ya sangara, sato, dagaa na kambare, nani hubeba zebaki zaidi?

Sangara mkubwa, kwa kuwa anakula samaki wengine na anaishi miaka mingi. Vipimo vilivyochapishwa miaka ya 1990 na 2000 kuhusu Ziwa Viktoria vilionyesha samaki wengi wako chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo, ambacho Umoja wa Ulaya unakitumia kwa samaki wengi, na viwango vya juu vilikuwa kwa sangara wakubwa. Sato hula zaidi mwani, yuko chini. Dagaa haishi muda mrefu, naye yuko chini.

Kambare ni wa kuangaliwa kivyake. Anapumua hewa ya juu, kwa hiyo tamvua lililoharibika halimuui haraka, na anashinda kwenye tope ambako metali hujikusanya. Ukimkuta peke yake kwenye kijito kinachopita machimboni, usimchukue kuwa ni ushahidi wa maji mazuri.

Basi niache kula samaki?

Hapana. Kwa familia nyingi za kando ya ziwa samaki ndiye protini nafuu kuliko zote, na mtoto asiyepata protini anadhurika kwa uhakika. La kufanya ni kuchagua.

Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO imeweka kiwango cha methili-zebaki kinachovumilika kuwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Mtu wa kilo 60 anapata mikrogramu 96. Samaki mwenye miligramu 0.1 kwa kilo, unaweza kula karibu kilo nzima kwa wiki. Mwenye 0.5, gramu zisizofika 200. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wapewe sato, dagaa na sangara wadogo walio juu ya kipimo halali cha kuvuliwa, na vipande vya sangara jitu waachiwe wengine.

Ini, figo na matamvua ya samaki kutoka maji ya migodini yatupwe, maana humo ndimo kadimiamu na shaba hukaa. Risasi hupenda mifupa, kwa hiyo wanaosaga mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya mnofu kuondolewa, kuwa chakula cha kuku au kuyachemshia supu karibu na maeneo yaliyochafuliwa wajue hilo.

Jambo moja zaidi, kwa sababu samaki hulaumiwa hata kwa kisichokuwa chake. Miaka ya 1990 watafiti kutoka Japani walipopima nywele za wakazi wa eneo la Mwanza, wachache waliokutwa na zebaki nyingi mno walihusishwa na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki.

Kupika, kukaanga au kukausha huondoa metali?

Haviondoi. Metali haiungui. Kukausha huondoa maji tu, na metali inabaki kwenye nyama iliyopungua uzito, kwa hiyo kilo ya dagaa wakavu ina metali mara tatu au nne ya kilo ya dagaa wabichi. Hesabu hii imeleta hofu nyingi zisizo na msingi: mtu anachukua kipimo cha samaki mkavu, anakilinganisha na kikomo kilichowekwa kwa samaki mbichi, kisha anatangaza kwamba dagaa ni sumu. Ukisoma taarifa ya vipimo, tafuta kwanza kama uzito uliotumika ni wa mkavu au wa mbichi.

Samaki wakielea wamekufa, ni metali?

Inawezekana, lakini sababu ya kawaida zaidi ni kukosa oksijeni. Machi 2022 samaki wengi walikufa Mto Mara na maji yakageuka meusi. Kamati ya serikali ilihusisha tukio hilo na oksijeni kupungua kwa sababu ya kinyesi cha mifugo na uozo wa mimea. Wakazi wengi hawakuridhika, na ninawaelewa: wanaishi jirani na migodi. Njia ya kumaliza ubishi ni kuwahi. Maji yachukuliwe siku hiyohiyo kwenye chupa safi, oksijeni na asidi vipimwe palepale, na samaki waliokufa karibuni wawekwe kwenye barafu, matamvua na ini vikiwemo. Baada ya siku tatu mto umeshapitisha ushahidi.

Nafuga sato jirani na karasha. Nifanyeje?

Usichote maji chini ya mahali marudio yanapomwagwa, hata kama yanaonekana meupe. Kabla ya kuweka vifaranga, peleka maji na tope la bwawa maabara. Chokaa ya kilimo, ile wafugaji wanayoitumia kuandaa bwawa, hupunguza asidi na huongeza ugumu wa maji, kwa hiyo hupunguza metali inayopenya kwenye matamvua. Haiondoi iliyomo kwenye tope, na haifanyi lolote la maana kwa zebaki. Bwawa ambalo tope lake lina zebaki lihamishwe.

Uchafuzi ukikoma, samaki husafika baada ya muda gani?

Inategemea metali. Shaba kwenye matamvua na ini huanza kupungua ndani ya wiki chache za maji safi. Kadimiamu ya kwenye figo hung'ang'ania kwa miezi na zaidi. Methili-zebaki kwa sangara mkubwa huhesabiwa kwa miaka, na mara nyingi kiwango cha ziwa hushuka wale wakubwa wanapovuliwa na nafasi yao kuchukuliwa na waliokulia maji yaliyo bora.

Tope ndilo linalochelewesha yote. Kilembe ilifungwa mwaka 1982, lakini mafuriko ya Nyamwamba ya Mei 2013 na Mei 2020 yalichimbua mabaki ya zamani na kuyasukuma upya. Kwa hiyo ukiletewa matokeo ya mnofu peke yake kutoka eneo la mgodi, hata uliofungwa zamani, omba na ya ini, na ya tope la mahali samaki alipovuliwa.